Anza na Mifupa, Joka Lingoje: Kupaka Rangi Vijisanamu vya Mezani

Usinunue joka. Najua utalitaka, maana ndilo linalowekwa mbele dirishani mwa duka la vijisanamu vya michezo, mabawa yametanda. Lakini joka ni kazi ya mtu ambaye ameshapaka askari wengi wadogo, na ukilianza ukiwa mgeni wa brashi litabaki na bawa moja jekundu na jingine la kijivu mpaka vumbi lilizoee. Nunua askari mifupa. Kumi wanatosha. Ni wa bei nafuu, hawana nyuso wala ngozi, na mchezoni ndio wa kwanza kufa, kwa hiyo hakuna atakayewachunguza sana.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: katika Dungeons & Dragons, uliotokea Marekani mwaka 1974, kila mchezaji ana mhusika wake, mtu mmoja anasimulia kisa, na dadu zinaamua kama upanga umepata au umekosa. Vijisanamu vinaonyesha nani kasimama wapi. Warhammer, uliotolewa Uingereza mwaka 1983, ni vita vya majeshi mazima. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua mfuko wako. Wa kwanza unaweza kuchezwa mwaka mzima kwa vijisanamu vinavyoenea kwenye kopo moja. Wa pili unataka kikosi, na kikosi kinataka subira na pesa.

Mimi naishi Nottingham, Uingereza, mtaa wa Hyson Green. Kwa mambo haya nimeangukia penyewe: makao makuu ya Games Workshop, wenye Warhammer, yako Lenton, mwendo mfupi tu kutoka kwangu, na watengenezaji wengine wa vijisanamu, Warlord, Mantic na Perry, nao wako papa hapa mjini. Lakini mkono nimekuja nao kutoka Mombasa, ambako nilikuwa nikichora maharusi hina na piko. Mwanangu alipoanza kucheza na wenzake, wakaona mama yake ana mkono usiotetemeka, basi nikawa fundi wao. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowafundisha vijana wanaojaa jikoni kwangu Jumamosi.

Ninachowaambia kwanza, kabla hawajashika chochote, ni kwamba kijisanamu cha kuchezea kinatazamwa kikiwa mezani, umbali wa mkono ulionyooshwa. Kwa hiyo kikalie umbali huo mara kwa mara unapopaka. Kinachoonekana kutoka hapo ni vitu vichache: mpaka kati ya giza na mwanga, uso, silaha, na kitako alichosimamia. Hivyo ndivyo vya kupewa muda. Kifungo cha koti na uzi wa kiatu ni raha zako mwenyewe, na raha si dhambi, ila usije ukasema kazi imekushinda kwa sababu ya kifungo.

Tuje kwenye kununua. Vijisanamu vingi vya michezo hii ni vya kipimo kinachoitwa milimita 28, ambao ndio takriban urefu wa mtu wa kawaida kutoka nyayo hadi macho. Viko pia vya milimita 15 na vya 54, na picha kwenye simu haitakwambia lolote, kwa hiyo soma maelezo kabla hujalipa. Kwa kundi la Dungeons & Dragons mimi hupanga hivi: shujaa mmoja kwa kila mchezaji, mifupa kumi, goblini (vijitu vidogo viovu vya hadithini) kumi, zimwi moja kubwa. Basi. Mkivichoka hivyo ndipo muulizane mnataka nini. Watu wanaonunua kwanza na kupaka baadaye huishia na marundo ya plastiki ya kijivu chini ya kitanda, na rundo lile likishakua linakukatisha tamaa kila ukilitazama.

Vya mkononi, yaani vilivyotumika, ndivyo ninavyovipenda mimi. Hapa karibu, Newark, kuna maonyesho ya Partizan, na kwenye maonyesho ya namna hiyo utakuta watu wanauza majeshi yao ya zamani kwa bei ya kutupa kwa sababu tu yamepakwa vibaya. Rangi imekaa nene, uso umezibwa, pua haionekani. Usiogope. Dawa yake unaijua tangu utotoni: Dettol, ile ya kahawia.

Imimine bila kuichanganya na maji kwenye chupa ya jemu yenye kifuniko, tumbukiza vijisanamu, funga, acha mpaka kesho. Kesho yake fungua madirisha, vaa glavu za mpira, chukua mswaki mkuukuu, na usugue ukiwa umeuchovya kwenye Dettol hiyohiyo. Rangi itabanduka vipandevipande na utaanza kuona sura ambayo mwenyewe wa kwanza hakuwahi kuiona. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanakimbilia bomba. Dettol ikikutana na maji kabla rangi haijatoka yote inageuka nyeupe, na ile rangi iliyolegea inakuwa kitu cha kunata kinachoingia kwenye mikunjo kisitoke tena. Suuza kwanza kwa Dettol safi kidogo, halafu sabuni ya vyombo, halafu ndiyo maji. Chuma na plastiki ngumu zinastahimili. Kijisanamu cha rezini kijaribu kwanza kwa kipande kidogo kisichoonekana.

Angalizo moja kuhusu vya chuma vya miaka ya 80: vingi vina madini ya risasi ndani yake, nayo ni sumu. Kuvishika si neno, lakini nawa mikono kabla ya kula, usivipige tupa vikavu ukavuta vumbi lake, na usimwachie mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni.

Vipya vya plastiki ngumu huja vikiwa vimeshikana kwenye fremu. Kata kwa koleo ndogo ukiacha kijiti kidogo, kisha kimalizie kwa kisu, ukikata kuelekea nje ya vidole vyako. Sasa geuza kijisanamu kwenye mwanga. Utaona mstari mwembamba uliopita mguuni, ubavuni, mpaka kichwani. Hapo ndipo kalibu mbili zilipokutana. Ukwangue kwa mgongo wa kisu, si kwa makali, mpaka uwe laini. Kazi hii inachosha na haina sifa yoyote, na vijana wangu wote hujaribu kuiruka. Lakini baadaye utakapopitisha brashi kavu, yaani iliyofutwa rangi karibu yote, mstari ule ndio utakaonasa rangi kuliko kitu kingine chochote, na utaonekana mpaka upande wa pili wa meza.

Plastiki ngumu inataka gundi yake maalumu, inayoiyeyusha kidogo ili vipande viungane viwe kitu kimoja. Chuma, rezini na plastiki laini, kama zile Bones za kampuni ya Reaper ya Texas, zinataka supagluu. Hizo za plastiki laini mara nyingi hutoka na upanga uliopinda: chovya upanga kwenye maji ya moto sana, unyooshe kwa vidole, uzamishe hapohapo kwenye maji baridi. Rezini ioshe kwa sabuni kwanza, maana huja na mafuta ya kalibu, na ukiipiga msasa uwe umeilowesha na umeziba pua na mdomo. Vumbi lake si zuri kwa mapafu.

Kisha andakoti, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine zote. Rangi haishiki kwenye plastiki tupu. Utapaka, utafurahi, na mchezo wa kwanza vidole vitaibandua. Video nyingi zitakwambia upulize andakoti ya kopo. Hapa Nottingham wakati wa kiangazi inafaa. Lakini mpwa wangu aliyeko Mombasa akipuliza msimu wa mvua vijisanamu vinatoka na ukungu mweupe na vichembe vya kukwaruza, kwa sababu unyevu wa hewa huharibu rangi ya kupuliza kabla haijakaa vizuri. Wala siwezi kumpelekea kopo, maana makopo hayo hayaruhusiwi kwenye mizigo ya ndege. Namnunulia andakoti ya chupa, ya kupaka kwa brashi. Vallejo wa Hispania wanayo nzuri. Ni ya maji, haina harufu kali, unapakia sebuleni. Paka mikono miwili myepesi, yaani tabaka mbili, mmoja ukauke kabla ya mwingine. Kwa mtu wa Pwani, Dar au Unguja, hii ndiyo njia, na wala usijione umechukua ya pili kwa ubora.

Bandika kijisanamu juu ya kizibo cha chupa kwa gundi ya kubandua, ili ushike kizibo na usishike kazi. Halafu namna ya kuweka mikono yako. Hili nimelitoa kwenye piko na halijanitupa: viwiko mezani, viganja vya mikono vigusane kwenye vifundo, kidole kidogo cha mkono wenye brashi kiegemee mkono ulioshika kizibo. Mikono ikigusana, ikitetemeka inatetemeka pamoja, na mstari unabaki palepale. Vuta brashi kuja kwako, usiisukume. Kijisanamu ndicho kinachozungushwa, si mkono.

Brashi usinunue nyingi. Moja ya namba 1 yenye ncha kali itakufikisha karibu kote. Hizo ndogo kabisa za namba 000 zinabeba rangi kidogo mno, inakaukia njiani kabla haijafika. Za manyoya ya mnyama aitwaye kolinsky, kama Series 7 za Winsor & Newton, ni tamu kweli, lakini zisubiri mpaka ujue kuosha brashi: usizamishe mpaka kwenye chuma, osha kwa maji baridi na sabuni ya kipande, irudishe ncha yake kwa vidole, ilaze au uisimamishe ncha juu. Kwa kazi ya brashi kavu chukua brashi ya kupakia poda usoni, ile laini ya mviringo. Ninazo nyingi tangu enzi za maharusi, na hakuna brashi ya duka la michezo inayozishinda.

Rangi yenyewe ni akriliki, na karibu kila aibu ya mwanafunzi inatokana na kuipaka kama ilivyotoka chupani. Lazima iongezwe maji. Kiasi gani? Hakuna kipimo, maana kila rangi ina uzito wake. Nyeupe na njano ni sumbufu kuliko zote. Mimi hutumia kucha. Pitisha brashi juu ya kucha ya gumba. Rangi ikifuata brashi bila michirizi na kucha ikaonekana kwa mbali chini yake, iko sawa. Ikiacha michirizi, ongeza tone. Ikikimbilia pembezoni na kuacha katikati wazi, umezidisha. Kisha paka mikono miwili au mitatu, kila mmoja ukingoje kukauka. Mkono wa kwanza utakutisha, utaona madoadoa na andakoti ikichungulia. Uache. Wa pili ndio unaoziba.

Kwenye joto rangi hukaukia juu ya kibao kabla hujamaliza mkono mmoja. Tengeneza kibao cha unyevu: kopo bapa la chakula lenye kifuniko, karatasi za jikoni zilizoloweshwa chini, juu yake kipande cha karatasi ya kuokea keki. Rangi ukiiweka juu ya karatasi hiyo inanyonya unyevu kutoka chini na kubaki mbichi kwa saa kadhaa. Badilisha maji kila baada ya siku chache, hasa kule kwetu Pwani, maana kuvu halikawii.

Sasa mifupa wako. Paka mwili mzima rangi ya pembe, ile nyeupe iliyoelekea njano. Ikikauka, chukua rangi majimaji ya kivuli ya kahawia. Citadel, ambazo ni rangi za Games Workshop, wanayo iitwayo Agrax Earthshade, na wengine wanazo zao. Ijaze juu ya mifupa yote kwa ukarimu. Itateremka yenyewe kwenye mbavu na matundu ya macho. Kwa dakika mbili za kwanza usiondoke: palipotuama dimbwi, hasa juu ya fuvu na mabegani, linyonye kwa ncha ya brashi iliyokaushwa kidogo. Baada ya hapo usiguse tena mpaka ikauke kabisa, ukigusa ikiwa nusu unaacha alama ya pwaa.

Halafu brashi ya poda. Ichovye kwenye rangi ya pembe uliyoichanganya na nyeupe kidogo, ifute juu ya karatasi mpaka uone kama haina kitu, kisha ipitishe haraka kutoka juu kwenda chini. Rangi itashika kingo za mbavu tu. Rudi nyuma ukae umbali wa meza. Amekuwa askari, na hujachora mstari hata mmoja. Upanga wake upake rangi ya chuma, kisha gusagusa kwa kipande cha sponji chenye kahawia na machungwa ili uwe wa kutu. Rangi za chuma zina chembe zinazong'aa, kwa hiyo ziwe na kikombe chao cha maji, ama sivyo utakuta vimulimuli kwenye nguo za watu wote.

Baada ya mifupa, mashujaa, na mashujaa wana ngozi. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu maelekezo mengi yaliyoandikwa huku yanaanza na rangi ya waridi na kuishia na waridi iliyopauka zaidi, na mtu mweusi anatajwa mwishoni kwa mstari mmoja: paka kahawia. Mchezo huu ni wa kubuni. Mchawi wako anaweza kutoka popote, na binti yangu wa kike alitaka wake afanane na nyanya yake.

Anza na kahawia nzito. Si nyeusi, bali kahawia yenye wekundu ndani yake. Kwenye vivuli, chini ya kidevu, pembeni mwa pua na chini ya kope, tia kahawia hiyohiyo iliyochanganywa na bluu ya usiku au zambarau kidogo, nyembamba sana. Kwa mwanga, usiongeze nyeupe. Ukiongeza nyeupe ngozi inapauka kama mtu aliyetoka kuoga akasahau mafuta. Ongeza rangi ya udongo wa njano, au machungwa kidogo, panda ngazi kwa ngazi: paji la uso, juu ya mashavu, mgongo wa pua, kidevu. Halafu jambo ambalo wachoraji wengi wa huku hawalioni: ngozi nyeusi inang'aa. Mwanga wake ni mdogo kwa eneo lakini ni mkali. Kwa hiyo ngazi ya mwisho iwe nukta tu, ndogo, kali, kwenye paji na ncha ya pua, na ukitaka iwe na ubaridi wa anga ndani yake tia tone la buluu hafifu. Mdomo wa chini upewe wekundu kidogo. Viganja viwe vyepesi kuliko mgongo wa mkono. Na watu si wa kahawia moja: mnubi, mgiriama na msomali nilionao kwenye kabati langu kila mmoja ana mchanganyiko wake.

Macho? Kwa askari wa kawaida, yaache giza. Umbali wa meza kivuli kizuri kwenye matundu ya macho kinasomeka kama macho, na macho mabaya yanasomeka kama mshtuko. Kwa shujaa, paka tundu lote kahawia nyeusi kwanza, kisha mstari mwembamba wa rangi ya pembe katikati, usifike kwenye kingo, halafu mboni kwa mstari wa wima kutoka juu hadi chini. Nukta peke yake humfanya aonekane ameona jini. Na fanya macho kabla ya kumaliza ngozi, ili ukikosea uzibe kwa ngozi.

Kitako usikidharau, ndicho kinachoyaunganisha makundi yako. Hata kanuni zinakithamini: tangu toleo la mwaka 2020, Warhammer 40,000, yaani Warhammer ya zama zijazo, humpa pointi 10 mchezaji ambaye jeshi lake lote limepakwa, vitako vikiwemo. Paka gundi nyeupe ya mbao, nyunyiza mchanga, ukung'ute. Mchanga wa pwani ni mzuri ila una chumvi: uoshe kwa maji matamu mara kadhaa, uanike, uchekeche kwa chujio la chai. Watu huku wananunua vishungi vya majani makavu kwenye pakiti. Mimi nina kumbi la nazi nililoletewa na mgeni. Nachambua nyuzi zake, nakata urefu wa punje ya mchele, nazisimamisha kwenye tone la gundi. Nyasi za kiangazi zimepatikana. Ukingo wa kitako upake rangi moja kwa wote, nyeusi au kahawia, bila kuruka hata mmoja.

Vanishi ni mkono mmoja mwembamba wa ile isiyong'aa, ya brashi vilevile, ikauke usiku kucha. Ukitaka panga zing'ae, zirudie kwa vanishi ya kung'aa baadaye.

Kwa kuhifadhi na kusafiri, gundisha sumaku ndogo chini ya kila kitako na utumie kopo la biskuti la chuma. Watasimama wima hata basi likipiga breki. Usiwafunge kwa pamba. Nyuzi hunasa kwenye vidole na panga, na kuzitoa moja moja kwa koleo la nyusi ni kazi ya jioni nzima.